Bajeti ya Mawe Manne

Palikuwa na nchi, na kama haikuhamishwa jana, bado ipo. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Niogope nini mimi, na meno yenyewe yamebaki sita? Ni kwamba nchi ile ilibadilishwa jina miaka mitatu iliyopita, wakafuta la zamani kwenye mabango yote, halafu fedha za kuandika jipya zikakosekana. Ukifika mpakani unakuta bango jeupe lenye neno moja tu: KARIBUNI. Wapi, hawasemi.

Katika nchi hiyo nilikuwa mpika chai wa Idara ya Upimaji Ardhi na Taarifa za Mahali. Hiyo ndiyo idara inayojua kila kitu kiko wapi, kuanzia milima hadi vyoo vya shule. Ni kweli kwamba wakati ninaoueleza ilikuwa mwezi wa pili inatafuta ufunguo wa stoo yake yenyewe, lakini hilo ni jambo la ndani.

Nina wifi yangu, Siwatu, mjane wa marehemu kaka yangu. Anakaa Mgongowapunda, kilima kikavu ambako hata chura akipita amepotea njia. Kaka yangu na Siwatu walichimba kisima pale kwenye kona ya shamba lao, miaka miwili, ndoo kwa ndoo, mpaka wakapata maji. Mpaka wa shamba waliuzungushia minyaa, kama wenzao wote. Mnyaa haumegwi ovyo, utomvu wake unapofua macho, kwa hiyo watu wakaheshimiana miaka arobaini bila karatasi.

Kisha akaja jirani mpya, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Uadilifu. Alinunua shamba linalopakana na la Siwatu ili ajenge nyumba ya kupumzikia, maana uadilifu unachosha. Siku moja ya soko, watu wakiwa hawapo, mafundi wake waling'oa minyaa yote ya upande ule wakaanza kujenga ukuta. Siwatu aliporudi na kapu lake alikuta kisima chake kimehamia kwa Mheshimiwa. Kisima hakikuwa kimesogea hata unyayo. Ukuta ndio uliokizunguka.

Jumatatu yake mlinzi wa Mheshimiwa akaweka meza getini, akawa anauza maji. Shilingi mia tatu ndoo. Mteja wake wa kwanza alikuwa wifi yangu.

"Nakuuzia kwa bei ya jirani," mlinzi alimwambia.

"Na wale wasio jirani?"

"Hao nao mia tatu."

Siwatu akaenda Baraza la Ardhi. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa mama mmoja wa maneno machache na miwani mizito. Alimsikiliza, akamsikiliza wakili wa Mheshimiwa, akasema, "Mama Siwatu, mimi sina macho ya kuona minyaa iliyokwisha kung'olewa. Niletee ramani ya shamba lako yenye mhuri wa Idara ya Upimaji. Nakupa siku tisini. Ukiileta, tutafuata ramani. Usipoileta, ukuta ndio mpaka."

Siwatu alitoka pale akicheka. Alinipigia simu: "Wifi, si wewe uko hukohuko Upimaji? Siku tisini za nini? Mimi nataka siku moja na wewe unitilie sukari kwenye chai ya mkubwa wako."

Nami nikacheka. Tulikuwa wajinga wote wawili.

*

Mpima wetu alikuwa Mzee Mbaruku. Miaka thelathini na moja amepima nchi ile, amekonda kama fito ya kupimia, na kwenye mkanda wake wa suruali huning'inia futi kamba ya ngozi iliyolainika kama ulimi wa ng'ombe. Zamani mtu akija na shida kama ya Siwatu, Mbaruku alichukua kipande cha karatasi, akaandika: mafuta lita ishirini, saruji mfuko mmoja, nondo vipande vinne, chakula cha watu wawili siku moja. Mhasibu anatia sahihi, gari linaondoka, jioni mawe ya mpaka, yale wenyewe wanayaita bikoni, yameshasimama kwenye kona zake. Hiyo ndiyo ilikuwa bajeti.

Siwatu alipofika, alimkuta Mbaruku amekaa na mikono kwenye magoti.

"Dada yangu," akamwambia, "kazi yako ni ya nusu siku. Lakini siwezi kuja."

"Unaumwa?"

"Sijui bajeti."

Waraka mpya ulikuwa umeshuka kutoka juu. Ulisema upimaji wa kienyeji umeitia nchi aibu, na kuanzia sasa hakuna mpima atakayepima hata kaburi kabla hajafuzu Utayarishaji wa Bajeti za Kisasa. Fomu mpya ilikuwa na kurasa arobaini na nne. Karatasi ya Mbaruku ilibandikwa ukutani masjala kama mfano wa maovu ya zamani.

"Basi jifunze," Siwatu akasema. "Mimi hapa nangoja kwenye benchi."

"Mafunzo hayajaanza. Yanasubiri bajeti ya mafunzo."

"Na hiyo inatayarishwa na nani?"

"Na sisi. Tukishafunzwa."

Siwatu alinigeukia mimi niliyekuwa nimesimama na birika. "Wifi, hawa watu mnawapa chai ya majani gani?"

Siku kumi na tisa zilipita kwenye fundo hilo, mpaka Mkurugenzi wetu, Daktari Kasembe, alipopata ufumbuzi. Alimwajiri mtaalamu kutoka nje ya Idara aandae bajeti ya mafunzo ya bajeti. Mtaalamu alikuwa shemeji yake, lakini alikuwa nje ya Idara kweli, sikatai.

*

Mafunzo yalifanyika siku kumi, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, kilomita mia nne kutoka ofisini. Ofisini ukumbi upo, ila Mkurugenzi alieleza kwamba mtu hawezi kufikiri juu ya fedha mahali ambapo hazipo. Nami nilikwenda. Kwenye bajeti kulikuwa na kifungu cha Mtaalamu wa Vinywaji Moto, na hakuna mwingine aliyefaa. Ile hoteli ilikuwa na wapika chai wake tisa. Nilikaa siku kumi nikiwaangalia.

Mwezeshaji aliitwa Profesa Njelekela. Alikuwa na kalamu inayotoa taa nyekundu, na kila alichotaka tukione alikitia kidoa chekundu. Siku ya kwanza alisimama, akakohoa, akanena:

"Waheshimiwa washiriki! Bajeti si fedha. Bajeti ni falsafa ya fedha. Mtu asiye na fedha anaweza kuwa na bajeti, na mtu mwenye fedha anaweza asiwe na bajeti. Yupi kati ya hao ni tajiri?"

"Mwenye fedha," Mbaruku akajibu.

Profesa akatikisa kichwa kwa huruma. "Tuna safari ndefu."

Siku ya nne wakapewa zoezi. Watayarishe bajeti ya kupima shamba moja. Mbaruku akainua mkono, akaomba atumie shamba la Siwatu, maana lipo kweli na mwenyewe anangoja. Profesa akakubali kwa shingo upande. Yeye alipendelea mashamba yasiyokuwepo, ni rahisi kuyasimamia.

"Haya. Kipengele cha kwanza. Idadi ya bikoni?"

"Itategemea kona, Profesa."

"Kona ngapi?"

"Nitajua nikifika."

"Huwezi kufika bila bajeti."

"Na bajeti siwezi kuandika bila kufika."

Profesa alitabasamu kama mtu aliyekuwa anangoja hapo. "Kwa hiyo, mshiriki, unaandaa kwanza bajeti ya kwenda kuhesabu kona. Hiyo nayo itahitaji bajeti ya awali ya kujua umbali."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango, sina kazi. Ulimi ukaniwasha. Nikasema, "Samahani baba, mimi nimeishia darasa la saba. Si mumpigie simu mwenye shamba mumuulize? Zipo nne. Mimi mwenyewe nimekula mihogo ya kona zote."

Ukumbi mzima ukageuka. Profesa akanitia kile kidoa chekundu kifuani.

"Bibi," akasema, "mwenye shamba si chanzo rasmi cha taarifa za shamba."

Washiriki wakaandika hilo kwenye madaftari. Mbaruku hakuandika. Aliweka kalamu chini, akaangalia dirishani, huko kwenye bwawa ambako mhasibu wetu alikuwa anajifunza kuelea.

Siku ya kumi tulipewa vyeti. Nami nilipewa. Kimeandikwa kwamba nimefuzu Mtazamo wa Kimkakati. Nimekiweka kwenye mfuko wa unga, panya hawakisogelei. Siku hiyo ilikuwa ya arobaini na moja tangu Baraza likae, na Siwatu alishanunua maji yake mwenyewe ndoo sabini na mbili.

*

Mbaruku alirudi ofisini amefuzu, akaandaa bajeti ya kisasa ya shamba la Siwatu. Alijaza kurasa zote arobaini na nne. Mwisho ikatoka jumla: laki mbili na elfu kumi na mbili. Akaipeleka kwa Mkurugenzi huku mimi namimina chai.

Daktari Kasembe alisoma jumla, akavua miwani.

"Mbaruku. Hii nini?"

"Bajeti, Mkurugenzi."

"Hii ni dharau. Unajua Kamati ya Fedha inakutana kwa kiasi gani? Vitafunio vyao peke yake ni laki nne. Waitwe watu wazima kumi na watano kuja kujadili kitu kidogo kuliko sambusa walizokula?"

"Lakini kazi yenyewe ni ndogo."

"Kazi ndogo huna ruhusa ya kuniletea. Kamati haigusi chochote chini ya milioni nane. Ikuze."

"Niikuze na nini, Mkurugenzi?"

"Kwani hukufunzwa? Chukua bajeti yoyote iliyowahi kupita, ubadilishe jina la mahali. Hivyo ndivyo watu wanavyofanya kazi."

Bajeti ya mwisho iliyowahi kupita ilikuwa ya kupima fukwe za Ziwa Kuu, kule kusini. Mbaruku alikataa siku mbili. Siku ya tatu Siwatu alipiga simu kuuliza zimebaki siku ngapi, akaambiwa thelathini na tano. Mbaruku akaenda masjala akaitoa ile ya ziwa. Palipoandikwa Ziwa Kuu akafuta, akaandika Mgongowapunda.

Kamati ilikutana siku ya sitini. Nilikuwepo na birika langu. Mwenyekiti wao alisoma kwa sauti: mashua moja yenye injini, majaketi ya kuokolea kumi na mawili, mzamiaji mmoja, mafuta ya mashua, mahema, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, saruji, nondo, na mhuri wa ramani. Jumla milioni kumi na nne.

"Serikali inabana matumizi," Mwenyekiti akatangaza. "Lazima tupunguze."

Mjumbe mmoja akashauri waanze na vitu vidogo vidogo, maana hivyo ndivyo vinavyovuja fedha kimyakimya. Wote wakasifu. Wakakata saruji. Wakakata nondo. Wakakata mhuri. Wakapigiana makofi kwa kuokoa elfu sitini na mbili, wakapitisha yaliyobaki.

Nikamwona Mbaruku ameinamisha kichwa. Nilimwongezea sukari bila kuulizwa. Kuna siku mtu haulizwi.

*

Mashua ilifika Mgongowapunda siku ya sabini na nne, juu ya lori. Ilikuwa nzuri, imepakwa rangi ya bluu, na ubavuni imeandikwa MALI YA UMMA. Walihitaji watu ishirini kuishusha, wakaiweka katikati ya shamba la Siwatu, juu ya mihogo. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwenda kumwona, kwa hiyo nimeona kwa macho yangu, sihadithiwi.

Siwatu aliizunguka mara mbili, mikono kiunoni.

"Wifi," akaniambia polepole, "mimi niliomba jiwe."

"Limekatwa."

"Na hiki?"

"Kimepita."

Waliposhuka wapima, walikuwa wanane na Mbaruku wa tisa. Wakavaa majaketi ya kuokolea, ya rangi ya chungwa, katika jua lile. Wakapanda mashuani. Wakakaa.

Siwatu akangoja. Saa ikapita. Akamwendea kijana mmoja wa ukingoni mwa mashua, mwenye kipara. "Mwanangu, mbona hampimi?"

"Posho yetu, mama, ni ya saa za ndani ya chombo. Ukishuka, saa inasimama."

"Sasa mkishinda humo ndani mtapima nini?"

"Saa, mama."

Mzamiaji ndiye aliyenitia huruma. Alikuwa mtu wa bidii, ametoka mbali na miwani yake ya maji, naye akawa anauliza watu kwa adabu kama hakuna mahali popote, hata pipa. Siwatu alimwonyesha ukuta. "Maji yapo, baba, humo ndani. Kisima changu. Zama ukitaka, lakini getini watakuuzia."

Siku tatu walikaa mashuani. Watoto wa shule walikuja kwa zamu kuwatazama, na mwalimu akafuta kipindi cha jiografia. Nyuma ya ukuta mafundi wa Mheshimiwa waliendelea kupandisha tofali. Siwatu aliwapikia wapima, kwa sababu alilelewa vizuri, na maji ya kupikia alinunua, ndoo mbili kwa siku, mia sita.

Siku ya tatu adhuhuri alipokuwa anapitisha sahani juu ya ubavu wa mashua, Mbaruku alimwuliza, "Dada, haya maji uliyopikia umeyatoa wapi?"

"Getini."

"Umenunua?"

"Kwani kuna ya bure?"

Mbaruku aliishika ile sahani. Kisha akaiweka chini. Akavua jaketi la kuokolea, akalikunja vizuri, akashuka.

"Mzee! Saa yako inasimama!" wakampigia kelele.

"Iache isimame," akasema. "Imekimbia miaka thelathini na moja."

Akafungua futi kamba kiunoni. Akatoa kwenye begi lake chombo chake cha zamani cha kupimia pembe, kile chenye miguu mitatu, akakisimamisha. Vishina vya minyaa iliyong'olewa vilikuwa bado ardhini, vimeanza kuchipua kijani kidogo. Kwa mtu anayejua, mpaka ulikuwa unasomeka kama msahafu. Siwatu alikuwa na saruji nusu mfuko iliyobaki kwenye ujenzi wa kaburi la kaka yangu. Akaitoa. Tukakoroga na mchanga, tukamimina kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, tukachomeka vipande vya nondo vilivyobaki pamoja nayo. Mimi na umri wangu nilishika ncha ya futi. Kufikia alasiri mawe manne yalikuwa yamesimama kwenye kona nne, mojawapo limelalia msingi wa ukuta wa Mheshimiwa kwa ndani, tulikoingia getini na ndoo kama wateja, na kisima kilikuwa ndani ya shamba la Siwatu kwa hatua kumi na moja nzima.

Gharama ya kazi yote ilikuwa maji ndoo moja. Mia tatu.

*

Kesi ya Mbaruku ilisikilizwa siku ya themanini na moja, ofisini kwa Mkurugenzi. Niliingia na chai na sikuambiwa nitoke; mpika chai ni kama feni, huonekana ikizimika.

"Umepima shamba," Daktari Kasembe akasema.

"Nimepima, Mkurugenzi."

"Kwa kifungu gani?"

"Hakuna kifungu. Haikugharimu kitu."

"Basi hukupima. Kazi isiyo na gharama haikufanyika. Mkaguzi akija nitamwonyesha nini?"

"Mwonyeshe mawe. Yapo pale, yanaonekana."

"Yapo kimakosa! Mawe ya serikali yanayosimama nje ya bajeti! Kesho kila mwananchi atataka jiwe la bure. Na Mheshimiwa Naibu amenipigia simu mara tatu, anasikitika. Unajua mtu wa Uadilifu akisikitika?"

"Naomba mhuri tu kwenye ramani. Mama yule amebakiwa na siku tisa."

"Mhuri ulikatwa. Mawe yang'olewe." Akapiga meza. "Fedha zipo, zitatoka kwenye kifungu cha dharura, leo leo. Na wewe, kama adhabu, ndiye utakayeandaa bajeti ya kuyang'oa. Ya kisasa. Na isije kwangu na aibu ya laki mbili."

Jioni hiyo nilimkuta Mbaruku na kurasa arobaini na nne mbele yake, tupu. Nywele zake zilikuwa zimesimama. Nikamwekea kikombe.

"Bi Mashavu," akaniambia, "nimepima misitu yenye simba. Sijawahi kushindwa hivi. Dada yule atanunua maji yake mpaka afe, na mimi ndiye nitakayeng'oa jiwe lake."

"Pole, baba. Kunywa." Nikafuta meza, ingawa ilikuwa safi. "Si wewe peke yako unayeteswa na hizi taratibu. Mimi mwaka juzi kikombe kimoja cha ofisi kilipasuka. Unafikiri nilikitupa? Thubutu! Mali ya serikali haiondolewi ilipo mpaka iandikwe ilipokuwa. Nilijazishwa fomu: kikombe kilikuwa meza gani, umbali gani kutoka ukutani, umbali gani kutoka mlangoni. Na mchoro juu. Nakala tatu, kila moja na mhuri, na moja akapewa aliyeshuhudia. Kikombe, baba! Sasa sembuse jiwe."

Mbaruku aliacha kunywa. Alinitazama. Mimi nilikuwa nakunja kitambaa.

"Nakala moja kwa aliyeshuhudia?"

"Ndivyo ilivyokuwa kwa kikombe," nikasema. "Ya mawe sijui, mimi mtu wa jikoni."

Nilimwacha akiandika. Asubuhi aliniomba nimsikilize akisoma, na wallahi aliniogopesha, kwa jinsi alivyokuwa ameiva. Kulikuwa na Kamati Ndogo ya Kung'oa. Kulikuwa na Uhamasishaji wa Jamii kuhusu Kung'oa. Kulikuwa na magari matatu, na chakula cha mchana cha watu ishirini na wawili. Na katikati, kwenye ukurasa wa thelathini na moja, kimebanwa baina ya mahema na vipaza sauti, kipengele kimoja: Kunakili Mahali Halisi pa Mali ya Serikali kabla ya Kuondolewa, pamoja na Mchoro wa Vitu Vyote Vilivyo Jirani, Nakala Tatu zenye Mhuri. Milioni mbili.

Jumla: milioni kumi na tisa.

Daktari Kasembe alisoma jumla. Akasimama, akamshika mkono. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mbaruku," akasema, "sasa umekuwa mpima."

Akatia sahihi bila kufungua ndani.

*

Siku ya themanini na tisa msafara ulifika Mgongowapunda na king'ora. Daktari Kasembe mwenyewe alikuja, na Mheshimiwa Naibu Waziri wa Uadilifu alitoka getini kwake kwa kanzu safi, akakalishwa kwenye kiti cha mbele chini ya hema. Hotuba ilisomwa kuhusu nidhamu ya matumizi. Kisha wapima wanane, wale wale wa mashua, wakatoa chombo kipya kabisa kinachozungumza na satelaiti, kilichonunuliwa kwa kazi hiyo. Kila jiwe likaandikwa lilipo, hadi upana wa kucha. Wakachora shamba, wakachora ukuta, wakachora kisima. Msomaji wao alitangaza kwenye kipaza sauti: "Kisima! Ndani ya mstari wa mawe! Mita nane na nusu!" Watu wakapiga makofi, maana walishahamasishwa. Mheshimiwa naye alipiga, alikuwa anasoma simu.

Mhuri ukagongwa mara tatu. Nakala moja kwa Mkurugenzi, moja masjala, moja kwa shahidi wa eneo. Shahidi wa eneo alikuwa Siwatu. Alisaini kwa dole gumba na kwa kalamu, vyote viwili, asije akaambiwa kimoja hakitoshi.

Ndipo wakang'oa mawe. Yalitoka kwa shida. Mbaruku aliyamimina vizuri.

Kesho yake, siku ya tisini, nilimsindikiza wifi yangu Barazani. Mwenyekiti alivaa miwani yake mizito, akaigeuza ile karatasi, akatazama mhuri, kifungu, sahihi, gharama. Wakili wa Mheshimiwa akasema hiyo si ramani ya upimaji, ni taarifa ya kung'oa.

"Wameng'oa nini?" Mwenyekiti akamwuliza.

"Mawe ya mpaka."

"Kutoka wapi?"

Wakili akaanza kupekua makabrasha yake.

"Basi," Mwenyekiti akasema. "Idara imetumia milioni kumi na tisa kuniambia mpaka ulikuwa wapi. Mimi ni nani niwabishie? Ukuta urudi nyuma mpaka mita nane na nusu kupita kisima, na upana wa njia ya mtu mwenye ndoo. Siku saba."

Siwatu hakupiga vigelegele. Alikunja karatasi, akaitia kifuani, akaniambia, "Twende, wifi. Nina kiu."

Ukuta ulirudi. Siku ya nane wanawake wa kilima kile walikuwa kwenye kisima cha Siwatu tangu alfajiri, na hawakuja kwa maji tu. Mmoja shamba lake linaliwa na shule binafsi, mwingine na shemejiye, mwingine na barabara isiyojulikana inakwenda wapi. Wote walinizunguka mimi, mtu wa ofisini.

"Bi Mashavu, yule mpima wenu mzee, atakuja kwetu lini?"

Mkurugenzi alikuwa ameshampandisha cheo. Kipaji kile, alisema, hakiwezi kuachwa kipotee maporini. Mbaruku sasa ni Mkuu wa Kitengo cha Bajeti. Amepewa chumba chenye zulia, na kiti kinachozunguka, na vijana sita wa kuwafundisha kukuza. Mashua imebaki Mgongowapunda. Kuku wa Siwatu wanataga humo.

Juzi nilimpelekea chai. Alikuwa amekaa peke yake, suti imemzidi mabega.

"Kisima cha dada kinaendeleaje?" akaniuliza.

"Kimejaa, baba. Safari hii kimejaa sana."

"Kina chake futi ngapi sasa?"

"Nani amepima?"

Akainuka nusu, mkono ukaenda kiunoni penye futi kamba. Ukakaa hapo. Kisha mlango ukagongwa, kijana akaingia na kurasa arobaini na nne, na Mbaruku akaketi, akavuta kikokotoo.